Fundi wa Nje ya Pazia

Kelepi Fakatava hakuwa fundi wa kukimbilia bisibisi. Mteja akiingia dukani kwake, katika kile chumba kimoja kilichobanana nyuma ya duka la mikate mjini Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyao, kwanza alipewa kiti, kisha alipewa maswali. Mashine ilizimika ghafla au ilikataa kuwaka? Feni ilinguruma? Skrini ilitoa maandishi au ilibaki nyeusi tu? Siku hiyo kulikuwa na radi? Maswali yalikuwa thelathini na moja, na aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Suva, ng'ambo ya bahari. Miaka ishirini baadaye alikuwa nayo yote kichwani, kila moja mahali pake.

"Kelepi," mteja mmoja aliwahi kumwambia, "mimi nimeleta kompyuta. Sijaja kuposa."

Duka zima lilicheka, na Kelepi akacheka kuliko wote, maana alikuwa mtu wa kucheka kwa tumbo lote. Lakini wateja walipoondoka na akabaki peke yake na harufu ya mikate, swali jingine lilimjia, ambalo halikuwamo katika yale thelathini na moja. Mafundi wa mitaani, vijana wasiokanyaga darasa lolote la chuo, walifungua mashine kwa ncha ya kisu, wakapuliza, wakagonga, na mara nyingi ikawaka. Yeye aliuliza kwa nusu saa nzima. Je, maswali yale yalikuwa elimu, au yalikuwa ukuta wa mtu anayeogopa kufungua kasha akakuta asichokijua? Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na bado alijiuliza.

Na jambo hili lilimgusa zaidi kwa sababu elimu yake haikuwa yake peke yake. Mwaka alioitwa na chuo kwenda Suva, dada yake mkubwa, Lesieli, naye alikuwa ameitwa. Lesieli alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ndogo na mwandiko mzuri kuliko wote kijijini Kolovai, na alikuwa ametamani shahada tangu utotoni. Nyumba yao ingeweza kumpeleka mtoto mmoja tu. Wazee walikaa, wakakohoa, wakaangalia mikeka. Lesieli akawaokoa. Alisema, "Aende Kelepi," akainuka, akaenda kuosha vyombo. Jambo lile halikuzungumzwa tena.

Sasa Lesieli alikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane ambaye watoto wake walikwisha kwenda kwao. Kwa miaka sita alikuwa akisoma kwa mbali, somo moja baada ya jingine, usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, katika kompyuta iliyokaa juu ya meza ndogo chumbani kwake. Ilibaki kazi moja tu, ndefu, ya kuhitimisha: namna ya kuwafundisha watoto sehemu na migawanyo kwa kutumia ususi wa mikeka. Ilitakiwa ifike katika kituo cha chuo Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asiyefika na kazi yake atangoja mwaka mwingine, na Lesieli alikuwa amekwisha kungoja miaka mingi kuliko wanafunzi wote wa darasa lake.

Wiki tatu kabla ya Ijumaa hiyo, kompyuta ikaanza kugoma.

Mara ya kwanza ililetwa mjini na dereva wa teksi, imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele, na kitambaa chake cheupe cha kufumwa kimekunjwa kando. Kelepi aliuliza maswali yake kwa simu, akajibiwa kwamba huwaka kidogo kisha hufa. Akaiunganisha na skrini ya dukani. Ikawaka. Ikakaa siku nzima imewaka, inanguruma taratibu, haina hata kikohozi. Akaipuliza vumbi, akasugua meno ya kibao cha kumbukumbu kwa ufutio wa penseli, akairudisha.

Ilipofika Kolovai, ikafa.

Ikaletwa mara ya pili. Dukani ikawaka tena, kwa furaha kabisa. Kelepi akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, akaweka mpya aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya mteja mwingine. Ikarudi Kolovai, ikafa. Dereva wa teksi akaanza kuiita mkwe. "Huyu hapendi nyumbani," alisema. "Kila nikimrudisha kwa mume, anazimia."

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya mwisho, Kelepi alifunga duka, akachukua mkoba wake wa vifaa, akaenda Kolovai mwenyewe.

Nyumba ya Lesieli ilisikika kabla ya kuonekana. Kikundi cha wanawake wasusi kilikuwa kimeteka ukumbi. Walikuwa wanasuka mkeka mkubwa wa arusi, uliotandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na wanawake tisa walikuwa wameketi ukingoni mwake, wakisuka, wakiimba na kusutana. Hapakuwa na mahali pa kuweka hata sahani. Mkeka wenyewe usingehamishwa, maana ukiburutwa kabla ya kumalizika husokoteka kona. Kelepi alivua viatu barazani, ambako hapakuwa na soketi hata moja, na kubaki hapohapo.

"Karibu, Daktari Maswali!" aliita Mama Pisila, kiongozi wa wasusi, mwanamke mnene mwenye macho ya uchokozi. "Leo mgonjwa umemfuata kwake?"

"Nimemfuata, Mama Pisila. Nimeambiwa ana maringo."

"Maringo ameyatoa kwa fundi wake. Kaa hapo, usikanyage mkeka wangu. Ukikanyaga, wewe ndiye utakayeolewa."

Kelepi akaketi barazani, mgongo ukutani, chini ya dirisha la chumba cha Lesieli. Pazia lilikuwa limeshushwa. Upande wa pili wa pazia, hatua mbili tu kutoka kichwani pake, ilikuwapo kompyuta, na mbele yake Lesieli, aliyeomba ruhusa shuleni siku hiyo. Lakini kwa mila za kwao, kaka haingii chumba cha dada yake. Mkono wake haupiti hata dirishani. Tena si adabu kumtuma dada mkubwa, fanya hiki, shika kile, kana kwamba ni mwanafunzi wako. Kwa hiyo alihitajika mtu wa katikati, na mtu huyo alikuwapo: Shangazi Vaimoana, dada wa marehemu baba yao.

Shangazi alikuwa na miaka sabini na minne. Wiki tatu zilizopita alishuka kutoka kwenye meli ya kisiwa cha Vava'u akiwa na sanduku moja la nguo, mito miwili na Biblia ya babu, akasema amekuja kukaa na Lesieli mpaka atakapochoka. Ndiye aliyempa Kelepi jina. Ndiye aliyempa Lesieli jina. Katika ukoo wote hapakuwa na mtu aliyekaa juu yake, na yeye alilijua hilo kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kupingwa.

"Shangazi," alisema Kelepi kuelekea pazia. "Naomba dada aangalie waya wa umeme nyuma ya kasha, ausukume mpaka mwisho."

"Lesieli," ilisikika sauti ya Shangazi ndani, "anasema sukuma mkia."

"Mkia upi, Shangazi? Ina mikia saba."

"Kelepi, mkia upi? Ina mikia saba!"

"Ule mnene kuliko yote."

"Ule ulionenepa kama Pisila!"

"Nimesikia!" alipaza Mama Pisila kutoka ukumbini, na wanawake wakapasuka kwa kicheko.

Mkia ukasukumwa. Kompyuta ikawashwa. Kelepi akatega sikio, lakini wimbo wa wasusi ulikuwa umefika kwenye kiitikio na hakusikia kitu.

"Imewaka!" alitangaza Shangazi. Kisha, baada ya kitambo kifupi: "Imekufa."

Basi Kelepi akaanza safari yake ya maswali. Alitaka kujua kama soketi ya chumbani ilikuwa na umeme wa kutosha, akaomba ichomekwe pasi.

"Pasi inapata moto?"

"Inapata. Nimeshapiga leso mbili."

"Inapata moto sana, au kidogo?"

"Ngoja." Harufu ya kuungua ikapita dirishani. "Leso ya tatu imeungua."

Soketi ilikuwa nzima. Akapitisha waya mwingine, Shangazi akaupokea dirishani kwa vidole viwili kana kwamba anapokea nyoka. Imewaka; imekufa. Akaomba kibodi ichomolewe. Imewaka; imekufa. Akauliza kama matundu ya hewa yako wazi. Lesieli mwenyewe alijibu kwa sauti ndogo kwamba ubavu na mgongo wa kasha viko wazi. Akaomba wachomoe kila kitu kisichohitajika, kisha wachomeke kimoja kimoja. Jua likahama kutoka magotini mwake hadi kwenye vidole vya miguu. Imewaka; imekufa.

"Kelepi!" aliita msusi mmoja. "Chuoni walikufundisha kuwasha au kuzima?"

"Walimfundisha kuuliza!" alidakia mwingine. "Kuwasha ni somo la mwaka wa tano, na yeye alisoma minne!"

Alicheka nao. Lakini safari hii hakucheka kwa tumbo lote. Miaka minne ile alikuwa amekaa katika kiti cha mtu mwingine. Dada yake hakuwahi kumwomba kitu tangu siku ile ya mikeka na kikohozi; hiki kilikuwa cha kwanza, na tena hakukiomba kwa maneno, alituma tu kompyuta kwa teksi. Sura ya mwisho ya kazi yake ilikuwa bado haijaandikwa. Kama mashine isingewaka leo, kesho asubuhi Lesieli angekuwa darasani na watoto arobaini, na saa kumi na moja ya kesho ingepita kama saa nyingine yoyote. Na yeye angerudi dukani na shahada yake ukutani ndani ya fremu. Aliwaza kuipeleka mashine mjini, amwachie dada duka lote aandikie humo hadi usiku. Lakini usiku duka lile hujaa wanaume wanaokunywa kava, kinywaji chao cha mizizi, na masimulizi ambayo hayasimuliwi mahali dada anapoweza kuyasikia, na hata kama angewafukuza wote, dada asingekubali kamwe kumtoa kaka katika sehemu yake ya kazi usiku kucha.

"Shangazi," alisema, "mwambie dada samahani."

Shangazi hakupeleka ujumbe huo. "Upumbavu sipeleki," alisema.

Saa tisa na nusu chai ikaletwa: maandazi ya duara, viazi vikuu vya kuchemsha, na jagi la tikiti lililosagwa na tui la nazi. Wanawake wakaweka ukili chini. Mama Pisila akainamisha kichwa, na nyumba nzima ikanyamaza ili ashukuru. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, pakawa na ukimya.

Ndani ya ukimya ule, nyuma ya pazia, Kelepi alimsikia Shangazi akinong'ona, "Washa sasa, Lesieli. Sasa hivi, wakati tunaombewa."

Kitufe kikabonyezwa. Feni ikaanza, laini, sauti nzuri ya mashine yenye afya. Kisha Kelepi akasikia kitu ambacho nyimbo zilikuwa zimekifunika mchana kutwa: mshindo mdogo, mzito, wa kitu kinachotuliwa kwa uangalifu mkubwa, na juu yake mlio mwembamba wa chuma, kli. Bila kukusudia akahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Feni ikanyamaza.

Mama Pisila alikuwa bado anashukuru kwa ajili ya mvua. Ndani walijaribu tena. Feni. Mshindo. Kli. Moja, mbili, tatu, nne. Kimya.

"Amina," alisema Mama Pisila.

"Amina," alisema Kelepi kwa haraka. "Shangazi! Kuna kitu kimewekwa chini sasa hivi. Kizito, kina chuma."

"Chini?" Sauti ya Shangazi ilipanda. "Biblia ya babu yako niiweke chini? Umenionaje, mtoto wewe?"

"Samahani, Shangazi. Iko wapi?"

"Iko mahali pake pa siku zote. Hapa juu ya kompyuta, kwenye kitambaa cheupe. Kitandani tunalala, sakafuni tunakanyaga, na pale kwenye meza ya kioo pamejaa vitana. Hapa tu ndipo palipo safi. Dada yako akitaka kuwasha anainyanyua, anabonyeza, anairudisha. Ana adabu yule."

Kelepi alifumba macho. Aliiona kompyuta ile kama ilivyosimama dukani kwake, mara mbili, uchi bila kitambaa: kasha refu jeusi, lililoletwa na binamu kutoka Auckland, la aina ile ambayo kitufe chake cha kuwashia hakiko usoni bali juu, utosini. Kitufe ambacho kikikandamizwa kwa sekunde nne mfululizo, mashine huelewa jambo moja tu: zima. Na Biblia ya babu aliijua. Alikuwa ameibeba kanisani akiwa mdogo, akiegemeza kidevu juu yake ili isianguke. Ilikuwa na jalada la ngozi, kurasa nene, na vishikizo viwili vya shaba.

Maswali thelathini na moja! Aliuliza radi, aliuliza umeme, aliuliza vumbi. Hakuwahi kuuliza ni nini kilichowekwa juu, kwa sababu hapana mtu aliyeandika hilo katika kitabu chochote alichosoma Suva.

Furaha ikampanda, na papo hapo ikakwama. Sasa alijua ugonjwa. Lakini ungesemwaje? Angemwambia vipi dada wa baba yake, mbele ya wasusi tisa wenye masikio makali, kwamba Biblia ya babu ndiyo inayoiua kompyuta, na kwamba aliyeiweka hapo ni yeye? Tena aliiweka kwa heshima. Heshima hiyohiyo ndiyo iliyomzuia Lesieli kusema neno kwa wiki tatu, na ndiyo iliyomketisha Kelepi nje ya pazia mchana kutwa.

Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba Mama Pisila aliuliza kama fundi naye amezimika.

"Shangazi," alisema hatimaye, "naomba utoke nayo hapa barazani. Unisomee kidogo. Akili yangu imesimama." Hili halikuwa uongo.

Ombi lilimpendeza Shangazi. Kisha mlango ukafunguka, na Shangazi Vaimoana akapita ukingoni mwa mkeka, mrefu, mkavu, mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima, umefungwa barabara, Biblia kifuani. Akaketi kwenye kiti pekee cha baraza. Akafungua vishikizo, akasukuma miwani, na kwa kuwa alipenda majina kuliko mambo yote, akachagua mahali palipojaa nasaba na kuanza kusoma fulani alimzaa fulani, kwa sauti ya kuwaita watu mezani.

"Na dada aendelee kujaribu," alisema Kelepi.

Nyuma ya pazia, kitufe. Feni. Kelepi akahesabu, mikono imeshika magoti. Nne ikapita. Shangazi akamzaa mtu mwingine. Kumi ikapita. Ishirini. Kisha kutoka chumbani ukasikika ule wimbo mfupi wa kompyuta inapofungua macho, noti chache tu za kengele, na kabla haujaisha, Lesieli, mwalimu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti hata kwa watoto arobaini, akapiga ukelele uliowatoa popo kwenye miti.

Nyumba ikalipuka. Wasusi wakapiga makofi, mmoja akasimama na kucheza kwa mikono katikati ya maandazi. "Neno limefanya kazi!" alilia Mama Pisila. "Miaka minne ya Suva, na dawa ilikuwa mistari sita!"

Shangazi akafunga Biblia kwa heshima, vishikizo, kli, kli. Uso wake uling'aa. Akainuka. "Sasa tuirudishe mahali pake," alisema, "ituwekee ulinzi."

"Shangazi, usirudi nayo!"

Ilikuwa imemtoka kwa nguvu. Makofi yakakatika. Shangazi akageuka polepole.

"Nisirudi na Biblia?"

"Ni hivi, Shangazi..." Kelepi alikuwa amepiga magoti bila kujua alipiga saa ngapi. "Kitufe cha kuwashia kiko juu, chini ya kile kitambaa. Kitu kizito kikikaa pale sekunde nne, mashine inadhani imeamriwa kuzima."

Hakuna aliyetafuna.

"Kwa hiyo," alisema Shangazi, "aliyekuwa anaiua ni mimi."

"Hapana, Shangazi! Si wewe!"

"Ni Biblia?"

"Hapana kabisa!"

"Basi ni mimi."

Kelepi akatazama wanawake tisa, akaomba msaada kwa macho. Wote walikuwa wanautazama mkeka kwa bidii, kana kwamba wamegundua kosa katika mshono. Akarudisha macho kwa Shangazi. Mdomo wa Shangazi ulikuwa umebanwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa dakika moja ya kutisha alidhani analia.

"Wiki tatu!" alisema Shangazi, na sauti ikampasuka. "Wiki tatu namwombea mgonjwa, na kumbe nimemkalia kifuani!"

Akaanguka kitini. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka, mpaka Mama Pisila akalazimika kumshikia Biblia. Wasusi walicheka wakilaliana. Kelepi alicheka kwa tumbo lake lote, na kutoka nyuma ya pazia, kidogo kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa, kikasikika kicheko cha Lesieli.

"Na wewe!" Shangazi alilielekeza pazia kidole. "Umeinyanyua na kuirudisha mara mia, hukushtuka?"

"Nilianza kushuku juzi, Shangazi," ilijibu sauti ndogo. "Lakini ningeiweka wapi?"

Baraza likatafakari hilo, na ikaonekana wazi kwamba kweli hapakuwa na mahali.

"Na huyu," Shangazi akamgeukia Kelepi, akijifuta machozi kwa leso iliyoungua, "akanidanganya nije kumsomea. Uliniogopa?"

"Sana, Shangazi."

"Vizuri. Endelea hivyohivyo." Akaichukua Biblia kwa Mama Pisila, akaiweka mapajani, akaikumbatia kwa mikono miwili. "Mimi na hii tutakaa hapa. Lesieli, andika. Asiinuke mtu mpaka amalize."

Lesieli akaandika. Kelepi hakuondoka, ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha. Alikula viazi vikuu na kuisikiliza kibodi nyuma ya kichwa chake, ikienda kwa kasi, ikisita, ikienda tena. Mara moja Lesieli alipaza sauti, "Mama Pisila, ukianza kona, ukili unaugawa mara ngapi?" na wanawake tisa wakajibu kwa mpigo mmoja majibu manne tofauti. Mabishano yakachukua robo saa. Yote yaliingia katika sura ya mwisho, pamoja na majina ya waliobishana.

Jua lilipoanza kupoa, pazia likatikisika.

"Kelepi." Hakuwa Shangazi. "Nambari za kurasa zinawekwaje?"

Aliinua kichwa. Alitazama kiti cha Shangazi. Shangazi alikuwa amesinzia, kidevu juu ya Biblia. Au alijifanya. Kelepi akajisogeza karibu na ukuta, mgongo bado umeligeukia dirisha, akaanza kumweleza dada yake, hatua kwa hatua, kwa sauti ya chini, na dada yake akafuata, akiuliza, "Kisha?" kila alipomaliza hatua. Katika maisha yake alikuwa amewaeleza mamia ya watu jambo hilohilo. Hakuwahi kulieleza vizuri namna ile.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Lesieli alifika mjini akiwa na kazi yake katika flashi iliyofungwa kwenye kona ya leso. Kelepi alimwonyesha printa, akamwekea karatasi, akatoka nje ya duka lake, akafunga mlango. Akasimama kwenye ngazi kama askari. Rafiki yake mmoja wa kava alitokea mtaani, tayari amefungua mdomo kwa kisa cha mwanamke na mbuzi. Kelepi alimziba kinywa kwa kiganja chote.

"Dada yangu yuko ndani," alisema.

Rafiki akaitikia kwa kichwa, na kiganja kilipoondoka akauliza kwa adabu kuhusu hali ya hewa.

Ndani, printa ilikuwa inatema karatasi moja moja. Kelepi alizihesabu kwa masikio. Arobaini na tatu. Kisha mlango ukafunguka na Lesieli akatoka, amevaa nguo yake ya kanisani, karatasi kifuani, uso umelowa na unang'aa. Kaka na dada wakatazamana miguuni, kama inavyopasa.

"Zimetoka zote," alisema Lesieli.

"Nenda. Teksi inangoja. Bado una saa nzima."

Alishuka ngazi mbili, akasimama, bado akimpa mgongo. "Wanasema mahafali ni mwezi wa tisa. Nitavaa joho, Kelepi. Kwa umri huu. Litanifika wapi?"

"Litakufika sawasawa, Dada."

"Utakuja?"

"Nitakaa mstari wa mbele."

"Usilie mbele za watu."

"Nitalia," alisema Kelepi.

"Haya," alisema Lesieli. Akaingia katika teksi, akaziweka karatasi mapajani na mikono miwili juu yake, na dereva akaondoka taratibu, akikwepa mashimo yote.